Asiyepiga Hodi

Mkuki wa mfano ulikuwa umeegemezwa ukutani katika karakana ya Cheche tangu Jumatano, na kila aliyepita kuchomelewa jembe au mguu wa kiti aliushika, akaupima uzito, akasema ni kazi nzuri. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Cheche hakujua kufanya kazi mbaya hata kama angetaka. Alikata nondo urefu wa mtu mzima, akaifua ncha, akainoa mpaka ikawa inachana gunia kwa kuguswa tu, kisha pale pa kushikia akapazungushia mpira wa tairi ili mkono usiteleze. Nyuma ya karakana kulikuwa na nondo za kutosha mikuki thelathini na miwili. Nyumba za kijiji nazo zilikuwa thelathini na mbili.

Hakuwa mtu wa shari huyu mwanamke. Jina la Cheche alipewa kwa ajili ya mashine yake ya kuchomelea, si kwa sababu ya hasira, ingawa hasira nayo alikuwa nayo, ya akiba. Lakini kwa miezi miwili watu walikuwa hawalali wakashiba usingizi. Nyumba tano zilikuwa zimevunjwa, zote alfajiri, saa ile ambayo wa kwenda mashambani wameshaondoka na waliobaki bado wanapiga miayo. Nyumba za kule ziko mbalimbali. Mtu akipiga kelele, jirani anadhani ni mbuzi. Kituo cha polisi kiko mwendo wa nusu siku. Polisi walikuja mara moja, wakaandika, wakanywa chai, wakashukuru kwa chai.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mwenye bucha. Mwenyewe alikuwa machinjioni. Mkewe alijaribu kuushikilia mlango usifunguliwe, wezi wakamvunja mkono kwa nyundo.

Baada ya hapo mwenye bucha hakuwa tena yule mtu wa kuongeza kipande cha mfupa na utani juu yake. Alikuja karakana amekaza uso.

"Bunduki kibali chake kitanizungusha mwaka mzima," alimwambia Cheche. "Mkuki hauna kibali. Kila nyumba iwe na wake nyuma ya mlango. Na sheria iwe moja: asiyepiga hodi mara tatu ni adui. Haulizwi jina."

"Nitakutengenezea," Cheche akasema, wala hakufikiri mara mbili. Alikuwa ametoka kumjulia hali yule mama, akauona mkono ulivyofungwa plasta ngumu ya hospitali kuanzia vidoleni hadi begani, na moyo wake ulikuwa bado unachemka. "Yote thelathini na miwili. Subiri tu mkutano upitishe."

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Na kama si baba yake, Cheche angekwenda kwenye mkutano huo akanyoosha mikono yote miwili.

Baba yake watu walimwita Mzee Randa, yeye na ile randa yake ya kulainishia mbao, kama vile walikuwa mtu mmoja. Alikuwa seremala miaka arobaini na mitano. Karibu kila mlango wa mbao pale kijijini ulitoka mikononi mwake, na aliijua kwa mbao zake: huu mninga, ule mkangazi, ule wa mkaidi fulani aliyeng'ang'ania mbao mbichi akaambiwa utapinda na ukapinda. Tena alikuwa na kawaida moja iliyowachekesha watu. Akishaweka mlango mahali, alikuwa anarudi baada ya miezi kadhaa kuukagua, bila kuitwa na bila kudai kitu. Anaufungua, anaufunga, anaweka sikio kwenye bawaba, anatia tone la mafuta, anaondoka. "Binti akiolewa," alikuwa akisema, "baba yake haachi kwenda kumjulia hali."

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu akili yake ianze kumponyoka. Kwanza yalikwenda majina ya vifaa. Yakafuata majina ya watu. Kisha akaanza kuuliza mkewe amechelewa wapi, na mkewe yuko kaburini mwaka wa tisa. Cheche alijifunza kujibu, "Anakuja, baba," halafu akaenda nyuma ya nyumba kufuta macho.

Asubuhi moja akili zilimrudia zote. Alimwita binti yake, akamkalisha kwenye benchi la zamani la kazi, akamshika mkono.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "naona ninakwenda. Sisemi kufa. Ninakwenda kwingine na mwili nauacha hapa. Usiwaambie watu. Waache wanijue vile walivyonijua."

Cheche akaapa. Na tangu siku hiyo mtu akiuliza mbona Mzee Randa haonekani, jibu lilikuwa magoti. Magoti yale yalisingiziwa kila kitu duniani, na hayakuwa na ubaya wowote. Mzee alikuwa anatembea kuliko tarishi.

Hapo ndipo penye shida. Mzee Randa alianza kutoka alfajiri. Seremala wa zamani huamka kabla ya jogoo, na mwili wake haukuwa umesahau. Siku ya kwanza Cheche alikuta kitanda kitupu, akamfuata barabarani, akamkuta peku, mkononi bisibisi na kopo la mafuta ya cherehani. Usiku uliofuata akafunga mlango kwa komeo la nje. Asubuhi komeo lilikuwa limefungwa vilevile, salama kabisa. Mlango wenyewe ndio ulikuwa umeng'olewa bawaba kwa ndani na kuegemezwa ukutani kwa adabu, skrubu zake zimepangwa juu ya kigoda. Cheche alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akagundua kwamba machozi yale hayakuwa ya kucheka.

Angeweza kumfungia kwa chuma. Ndiyo kazi yake, na hakuna bisibisi inayoshinda chuma kilichochomelewa. Alipima dirisha, akapima mlango, akavaa barakoa ya kuchomelea. Akaivua. Mkono haukukubali kumjengea baba yake kizimba.

Sasa turudi kwenye ule mkuki. Siku moja baada ya kuumaliza, Alhamisi alfajiri, Cheche alimkuta mzee anarudi nyumbani kwa njia inayotoka upande wa buchani, umande umempanda hadi magotini, amefurahi.

"Umetoka wapi, baba?"

"Kazini. Mlango wa mkangazi. Ulikuwa umelegea bawaba ya juu."

"Wa nani?"

Mzee akafikiri. "Wa mkangazi," akasema.

"Ulipiga hodi?"

"Hodi?" Alimtazama kama mtu anayetukanwa. "Nipige hodi kwenye mlango niliouweka mwenyewe?"

Cheche alitazama upande wa karakana. Asiyepiga hodi mara tatu. Haulizwi jina. Na yeye, kwa mikono yake, alikuwa amekwisha kunoa ncha moja, na alikuwa ameahidi nyingine thelathini na moja.

Ijumaa nzima hakuchomelea kitu. Akimwambia ukweli mwenye bucha, amevunja kiapo, na baba yake kuanzia hapo ni kichaa wa kijiji, wa kuchekwa na wa kuhurumiwa, na huruma nyingine ni mbaya kuliko kuchekwa. Asiposema, siku moja ataletewa baba yake ndani ya blanketi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Cheche aliwajua wahenga hao, na siku ile aliwachukia, maana ilikuwa rahisi kwao kusema.

Jumamosi alasiri watu walijaa ndani ya ghala la mazao. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine juu ya mizani kubwa ya chini, wakitaniana nani amezidi kilo. Cheche alikuja na baba yake kwa kuwa hakuwa na pa kumwacha. Alimkalisha kwenye gunia karibu na mlango, na kabla mwenyekiti hajamaliza salamu, mzee alikuwa amekwishageuka anaikagua bawaba ya ghala.

Mwenye bucha alisimama na mkuki wa mfano. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowafanya watu wanyamaze.

"Mimi si mtu wa damu," alisema. "Mnacheka? Nachinja ng'ombe, ndiyo, ila binadamu sijawahi hata kumpiga kofi. Lakini mke wangu hawezi kuchana nywele zake. Namchana mimi. Wale watu walijua hatuna kitu nyuma ya mlango. Wakijua kila nyumba ina huu, watakwenda kutafuta kijiji kingine."

"Na kijiji hicho kingine kina kosa gani?" aliuliza mwalimu mstaafu kutoka nyuma. "Ndugu zangu, silaha haina macho. Leo unamwekea mwizi, kesho inamchoma mwanao aliyechelewa kurudi."

"Mwalimu, kwako kuna mbwa watatu," mwenye bucha akajibu. "Wewe una silaha zinazokula ugali. Usitufundishe."

Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mwenyekiti akauliza kama fundi yuko tayari kwa kazi. Vichwa vyote vikamgeukia Cheche.

"Nondo zimekwisha," alisema.

"Zimekwishaje?" mtu mmoja akadakia. "Nimeziona leo asubuhi nyuma ya karakana. Nilijikwaa."

Kicheko kikapanda tena. Cheche hakucheka. Alimtazama baba yake pale mlangoni, kidole kwenye bawaba, midomo inacheza kama anahesabu. Akajisemea: nisamehe. Kisha akasema kwa sauti.

"Nondo zipo. Sitazifua. Baba yangu ni mgonjwa. Si magoti. Ni akili. Mwaka wa pili sasa. Alfajiri anatoka, anaingia nyumba za watu kukagua milango aliyoiweka, na hapigi hodi kwa sababu anaona ni milango yake. Nimefunga, anafungua. Nimemfuata, ananipotea. Mkipitisha sheria hii, mtu wa kwanza kuuawa katika kijiji hiki atakuwa yeye, na mkuki utakuwa wangu." Sauti ilimkatika. "Aliniapisha nisiwaambie. Basi, nimewaambia."

Utani wa kwenye mizani ukakatika. Mzee Randa ndiye peke yake aliyeendelea na kazi yake. Cheche alitamani sakafu ipasuke immeze.

Ndipo mke wa mwenye bucha alipoinuka, taratibu, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Mume wangu," alisema, "sema wewe, au nitasema mimi."

"Si hapa."

"Ni hapahapa."

Mwenye bucha aliugeuza ule mkuki mkononi. Halafu akauweka chini, sakafuni, kwa uangalifu, ncha ikielekea ukutani.

"Alhamisi sikwenda machinjioni," alisema. "Nilikaa nyuma ya mlango wangu na kisu cha kazini. Niliapa nikisikia mlango unasukumwa, siulizi. Ukasukumwa. Nikanyanyua mkono." Akaunyanyua tena kuwaonyesha. "Ilikuwa imekucha kidogo. Nikaona kopo la mafuta. Kopo tu ndilo nililoliona kwanza. Akanipita kama vile sipo, akakaza bawaba ya juu, ile waliyoiharibu wezi, halafu akaniambia, 'Kijana, mlango wa mkangazi haupigwi mateke.' Nikampa chai. Nikamsindikiza hadi njia panda. Tangu siku hiyo nikifumba macho nauona mkono wangu ulivyokuwa juu."

"Na bado ukaja kutuombea mikuki!" mwalimu akasema, bila ukali.

"Nilikuwa naogopa, mwalimu! Nikikaa bila kitu naogopa, nikishika kitu naogopa zaidi. Nifanye nini?"

Hakuna aliyemcheka. Kisha mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba mzee amefika kwake pia, mara mbili, wakafikiri ni siku moja moja tu. Mwalimu akasema kwake huwa anakuja Jumanne na mbwa hawambweki, mbwa wale wale wanaombwekea mwalimu mwenyewe. Mwanamke mmoja akasema kwao watoto wamezoea, humpisha apite. Kila aliyesema alikuwa hamtazami Cheche usoni, kama mtu aliyekutwa na siri ya mwenzake mfukoni. Walijua. Walikuwa wanajua miezi mingi, na kila nyumba ilinyamaza peke yake, ikidhani inamsitiri mzee na binti yake.

"Mkaniacha nahangaika na magoti!" Cheche akasema, na hapo machozi yakamtoka.

"Ulivyokuwa unayasema magoti kwa uhodari, nani angekukatiza?" akajibu fundi cherehani. Huyu alikuwa mjane, anaishi peke yake nyumba ya mwisho kabisa, na hakuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kuwaogopa wezi kumshinda. Alijikuna shingo. "Mimi niseme la kwangu, ila msinigombeze. Mlango wangu hauna kasoro. Mzee akija akakuta hauna kasoro, anasimama pale anakosa la kufanya, uso unamwanguka. Roho ikaniuma. Basi kila jioni huwa nalegeza skrubu mbili, akija apate kazi."

"Unalegeza skrubu?" mwenyekiti akapaza sauti. "Wakati huu wa wezi?"

"Ndiyo maana nikasema msinigombeze."

Kicheko kilichozuka hapo kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Hata mwenye bucha kilimpata, akacheka huku anapangusa macho kwa kiganja, na mkewe akampiga begani kwa mkono wake mzima.

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa upendo na vigelegele. Walibishana mpaka jua likaanza kuteremka. Mwenye bucha alisema huruma haizuii nyundo, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kuna waliotaka mikuki vilevile, na baadhi yao wanaitaka hadi leo. Cheche alisimama tena, safari hii sauti imemrudia, akasema nondo zilezile zinaweza kuwa makomeo mazito ya ndani, nyumba thelathini na mbili, na kila komeo ataliwekea kipande cha chuma cha kugonga, chenye mlio wa kusikika nyumba ya jirani na ya jirani yake. Anayeona jambo, agonge. Anayesikia, atoke na agonge na yeye. Mwizi anaweza kushindana na mlango mmoja; kijiji kizima kikiwa macho hana la kufanya ila kukimbia.

"Na alfajiri?" mwenye bucha akauliza. "Saa ile nani yuko macho wa kusikia?"

"Tupeane zamu. Wawili wawili, tuzunguke tukague milango."

"Wawili gani? Saa kumi na moja? Watu hawa?" Aliwanyooshea kidole waliokaa kwenye mizani. "Nani ataamka saa hiyo kila siku bila kukosa?"

Walitazamana, na mmoja baada ya mwingine wakageukia mlangoni, ambako Mzee Randa alikuwa amemaliza bawaba ya juu na sasa ameinama kwenye ya chini.

Mwenyekiti ndiye aliyepata ujasiri wa kulisema. "Mkaguzi tunaye," alisema. "Anachokosa ni mtu wa kufuatana naye."

Mwenye bucha alishusha kidole. "Nianze mimi," akasema. "Kesho. Nitampitia nyumbani."

Walipopiga kura, kila nyumba kura moja, zilizotaka makomeo na zamu zilikuwa kumi na tisa, na kumi na tatu zikataka mikuki. Wakakubaliana kwamba suala la mikuki litarudi baada ya mavuno, na kila mtu alijua litarudi na makelele. Hata hivyo nyumba ya mwenye bucha ilikuwa miongoni mwa zile kumi na tisa. Mkewe alikuwa ameinua mkono wake mmoja mzima, akamtazama, naye akauinua wake.

Cheche alirudi nyumbani na baba yake kwa njia ya shambani. Walitembea polepole. Mzee alikuwa ametulia, na kwa namna alivyokuwa anaziangalia nyumba, moja moja, Cheche alijua kwamba hizo ni dakika zake nzuri, na kwamba hazitadumu.

"Baba," alisema, "nimevunja ahadi yako. Nimewaambia watu wote."

Mzee hakusimama.

"Wakasemaje?"

"Wakasema wanajua. Unakwenda kwao kila siku. Wanakupa chai, watoto wanakupisha. Kuna mama mmoja anaulegeza mlango wake makusudi ili uje kuutengeneza."

Hapo akasimama. Alimgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi macho yake yalimtazama yeye hasa, Cheche, mwanawe.

"Kumbe nilikwenda kweli," alisema. "Mama, mimi nilidhani ile milango yote naiota."

Akamshika mkono, wakaendelea kutembea.